Ukitaka kufungua steshenari ya huduma za mtandaoni Moshi, anzia hapa

Ukipita mitaa ya katikati Moshi siku hizi, steshenari sio zile za zamani. Fotokopi ipo ila sio ndo inayolipa pango, kinacholeta watu ni TIN (namba ya mlipakodi), mkopo wa chuo, maombi ya ajira, kusajili jina la biashara BRELA, leseni ya halmashauri kwenye mfumo wa Tausi, cheti cha kuzaliwa cha RITA. Foleni ya dirishani imehamia kwenye simu, na simu wengi wanazo ila fomu zinawapiga chenga, kwaiyo hapo katikati pamezaliwa kazi. Ukiwa na laptopu, printa yenye skana, bando la uhakika na kitu cha kukushikilia umeme ukikata, unaiweza. Shida ni kwamba wengi wanaifanya vibaya.

Kubwa kuliko yote: kila akaunti unayofungua iwe na imeili ya mteja na namba ya mteja. Sio yako. Najua kutumia imeili yako kwa watu wote ni haraka, unamaliza foleni, ila chalii wa Majengo akiitwa usaili taarifa inatua kwako, wewe uko Rombo msibani, nafasi imeenda. Bibi katoka Kibosho hana imeili? Mfungulie, muandikie kwenye karatasi kwa herufi kubwa aweke na vyeti vyake. Paswedi mgeuzie laptopu apige mwenyewe au mjukuu ampigie, na zile namba za kuthibitisha zikiingia kwenye simu yake akusomee pale pale akiwa amekaa hapo, usije ukampigia jioni kuziomba maana hivohivo ndo matapeli wanavofanya, na ukimzoesha wewe atawapa na wao.

Kabla hujafungua mfumo wowote omba namba ya NIDA (ile ya kitambulisho cha taifa) na cheti cha kuzaliwa, viweke sambamba. Namba ya NIDA ina tarakimu 20 na zile 8 za mwanzo ni tarehe ya kuzaliwa, inaanza mwaka, mwezi, halafu siku. Zisome. Kama cheti kinasema 2004 na NIDA inaanza na 2003, simama hapo hapo, mwambie aende ofisi ya NIDA ya wilaya akaulize marekebisho kwanza. Majina pia, Joyce na Joice kwa mama yake ni mtoto mmoja ila kwa mfumo ni watu wawili. Ukilazimisha utakula hela yake leo na kesho kutwa atarudi na baba yake.

TIN ni bure, na mwenye namba ya NIDA anaombewa mtandaoni, kwaiyo muambie wazi kwamba analipia kazi yako na sio TIN. Halafu muulize anaitakia nini. Ipo ya biashara na ipo isiyo ya biashara. Dogo anayetaka TIN kwa ajili ya ajira ukimchagulia ya biashara kwa sababu ndo uliyoizoea, TRA wanamhesabu ni mfanyabiashara, na anaweza kuja kukuta madai ya kodi ya duka ambalo hana. Hii naiona sana na inaniudhi kweli, ni kubofya sehemu moja tu.

Mkopo wa HESLB, yaani Bodi ya Mikopo ya wanafunzi wa elimu ya juu, ndo msimu wenyewe. Ada ya maombi ni 30,000, inalipwa kwa kontroli namba (namba ya malipo ya serikali inayotolewa na mfumo), na cheti cha kuzaliwa kinatakiwa kihakikiwe na RITA, na uhakiki unaweza kuchukua siku kadhaa. Wazazi wa Marangu na Machame waambie mapema walete cheti kabla dirisha la maombi halijafunguka, maana wiki ya mwisho kila mtu yuko kwenye mfumo na mfumo unakuwa mzito kama ugali wa jana.

Ajira Portal, mfumo wa kuombea kazi za serikali, inataka utulivu. Barua ya maombi iwe imesainiwa kwa mkono ndo uiskani, vyeti viwe vyeti kweli maana hati ya matokeo haikubaliki, na tangazo usome mpaka chini. Barua za ChatGPT sizikatazi, zinasaidia kunyoosha lugha, ila usimpe kila mtu barua ileile yenye sifa ambazo hana. Muulize amefanya nini maishani, kama alikuwa mpagazi mlimani misimu miwili andika hivo, muhasibu aliyeshika hesabu za VICOBA ya kijijini aseme hivo.

Malipo: kontroli namba ina tarakimu 12, inaanza na 99. Mteja alipe kwa simu yake mwenyewe, na kabla hajaweka PIN asome kwa sauti jina la taasisi na kiasi. Hela ya serikali isipite kwenye mfuko wako kabisa. Bei zako bandika ukutani.

Jioni kabla ya kufunga ingia kwenye Downloads ufute, toa WhatsApp za watu kwenye laptopu, safisha na skana kama inahifadhi. Toka 2022 kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, na namba za NIDA za watu ni mojawapo ya hizo taarifa. Fotokopi zilizoharibika chana, usimpe mama wa vitumbua afungie. Na mteja mwenye wasiwasi muelekeze apige *106# aone laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chake, akikuta asiyoijua aende kwa mtandao husika ifutwe. Hiyo usimtoze.