Kamera ya kompyuta: usibabaishwe na "4K"

Ukiona kamera ya kompyuta ya bei chee imeandikwa "4K" (yaani video kali sana, yenye upana wa nukta kama 4,000) kwenye boksi, shtuka kidogo. Nyingi hunasa picha ndogo, kisha programu inaitanua tu. Kwa mikutano ya Zoom ukiwa nyumbani, 1080p ya kweli (video yenye nukta 1,080 kwenda chini) inatosha kabisa. Hata 720p si mbaya. Kabla hujalipa, mwombe muuzaji aichomeke kwenye laptopu, mfungue programu ya kamera na kuangalia ukubwa halisi wa video. Ikidai CD ya kusakinisha kwanza, achana nayo. Ukiwa kwenye mkutano, dirisha liwe mbele yako, si mgongoni. Giza huumbua hata kamera ghali. Na kama simu yako ina Android 14 au mpya zaidi, ijaribu kwanza kwa kuiunganisha na kompyuta kwa waya wa USB. Baadhi zinageuka kamera ya kompyuta bila kununua chochote.