Sindano ya kila wiki 4

Binti yangu alianza na koo tu. Nikampa maji ya chumvi asukutue, nikaenda zangu sokoni, hapa Arua, Uganda. Wiki 3 baadaye goti likavimba. Kesho yake maumivu yakahamia kifundo cha mguu. Nikadhani ameanguka. Kumbe ni homa ya baridi yabisi, ugonjwa unaofuata maambukizi ya koo yasiyotibiwa, na vali ya moyo, yaani mlango wa kupitisha damu, ilikuwa imeshaguswa.

Mama mwenzangu, mtoto wa miaka 5 hadi 15 akiumwa koo, ana homa, tezi za shingo zimevimba na hakohoi, mpeleke kituo cha afya. Akipewa vidonge vya siku 10, avimalize hata akipata nafuu mapema.

Aliyekwisha kuugua homa hii anahitaji sindano ya penisilini kila wiki 4, kwa miaka mingi. Huko Gulu, pia Uganda, watoto 818 ambao moyo ulianza kuharibika kwa ugonjwa huu bila wao kuhisi dalili walifuatiliwa miaka 2: moyo ulizidi kuharibika kwa asilimia 0.8 ya waliodungwa, na asilimia 8.2 ya wasiodungwa.

Inauma sana, sitakudanganya. Mwombe nesi aipashe sindano kiganjani kwanza, kisha asukume dawa polepole. Binti hunibana kidole mpaka iishe. Kadi hupotea, kwa hiyo tarehe ijayo naiandika kwa makaa nyuma ya mlango.