Mwanagenzi si mzembe: namna ya kulitumia neno hili

Jamani siku hizi mtu akikosea kidogo tu keshaitwa mzembe, mara mjinga, na lile neno letu mwanagenzi tumewaachia wazee na matangazo ya mafunzo ya uanagenzi. Mie linaniuma, kwa sababu hakuna jengine linalokaa mahala pake.

Mwanagenzi ni mtu mgeni wa kazi, mkono haujazoea, ila yumo anajifunza. Mzembe kazi anaijua lakini haijali. Limbukeni ndo yule kapata kitu juzi anataka mtaa mzima uone. Mjinga nae zamani alikuwa asojua tu, ndo maana wazee wakasema mjinga akierevuka mwerevu yu mashakani, lakini leo ukimwambia mtu hivyo mnagombana.

Tazama mtoto anaekuna nazi mara ya kwanza. Kakaa juu ya mbuzi, anakandamiza kwa nguvu zote mpaka meno yanafika kwenye kifuu, ile ngozi ya kahawia inaingia kwenye nazi na tui likichujwa lina vidoa vidoa, bibi akiliona anasema "nazi hii kakuna mwanagenzi" na anamshika mkono anamzungushia kifuu taratibu, basi, mtoto kaelewa na kesho atakuna tena. Angeitwa mzembe mbuzi asingeisogelea.

Kulitumia si kazi: mmoja mwanagenzi, wengi wanagenzi, hali yenyewe uanagenzi, na unaunga na "wa", mwanagenzi wa kushona, mwanagenzi wa kukalafati, yaani kuziba nafasi za mbao za chombo kwa pamba. Umri hauhusiki, nahodha aliezeekea baharini akinunua simu ya kupangusa ni mwanagenzi wa simu. Na ukilisema juu yako mwenyewe linafungua milango, nenda Nungwi, kaskazini ya Unguja, kwa mafundi wa majahazi useme "mie mwanagenzi, nielekeze" uone fundi anavyopunguza mkono ili uone pamba inavyosindiliwa baina ya mbao. Ila usimwambie alieshika kazi miaka mingi "wewe bado mwanagenzi", hapo umemtukana.

Ukiwa huna hakika fundi wako wa nguo ni mwanagenzi au analipua tu kazi, muoneshe mshono uliopinda. Akiufumua akashona upya, huyo mwanagenzi, mvumilie. Akikwambia vaa tu haionekani, huyo analipua.