Kabla hujaing'oa koki ya sinki jikoni

Kwanza hakikisha koki yenyewe imekufa kweli. Koki ya kuzungusha inayodondosha matone mara nyingi imekula washa tu, kile kimpira cha ndani kinachozuia maji, na washa ni kitu cha hela ndogo. Inayotoa maji kiduchu huenda kichujio cha mdomoni kimeziba. Kifungue, kiloweke kwenye siki, kisugue kwa mswaki mkuukuu. Bado? Haya, kanunue.

Lakini ujue unanunua nini. Koki ya ukutani majumbani kwetu kwa kawaida ni ya nusu inchi. Ya kusimama juu ya sinki ina tundu lake, na zile za kuchanganya maji moto na baridi nyingi hutaka tundu la milimita 35. Pima, piga picha kwa simu, chungulia chini ya sinki uone mipira ya kuunganishia ina urefu gani. Muuzaji atakwambia "lete ya zamani niione". Hapo ndipo watu wanapoumia.

Jirani yangu mmoja huku Mabatini, Mwanza, alifanya kila kitu kama inavyoelekezwa. Jumamosi asubuhi alifunga valvu ya pale kwenye mita, akarudi ndani, akafungua koki: kimya, hata tone. Akaing'oa, akaifunga kwenye mfuko, akafunga mlango, akapanda daladala kwenda mjini. Mama watoto alikuwa msibani Igoma.

Tatizo ni kwamba siku ile ilikuwa ya mgao. Wa vilimani tunajua: maji yanatoka ziwani, yanasukumwa kupandishwa huku juu kwenye mawe, na yanakuja kwa zamu. Koki yake ilikuwa kavu kwa sababu bomba zima la mtaa lilikuwa kavu. Valvu nayo ilikuwa haijaguswa tangu nyumba ijengwe. Usukani ulizunguka vizuri kabisa, ila lile geti la ndani lilishakatika, halikushuka. Saa sita mchana maji yakafunguliwa.

Yalitoka ukutani yakavuka jiko zima na kupiga kabati la upande wa pili. Gunia la mchele lilikuwa sakafuni. Yakapita chini ya mlango, yakashuka ngazi za mawe mpaka kwa wapangaji wa chini, na hao ndio waliompigia simu. Alipofika na koki mpya mkononi hakuweza kuifunga. Maji yalikuwa yanamrudisha nyuma. Kilichoyazuia ni gunzi la mahindi lililoviringishiwa kitambaa, likagongwa kwa nyundo mpaka likakwama. Mita, bila shaka, ilihesabu kila lita.

Kwa hiyo valvu ijaribu siku maji yanatoka, tena yanatoka kwa nguvu. Acha koki wazi, nenda kafunge, rudi uone yanavyokata. Tega ndoo chini, subiri robo saa. Yakiendelea kuchuruzika, valvu hiyo ni pambo. Ibadilishwe kwanza, na kama ni ya mita, waite wenye mita yao. Na nunua plagi ya nusu inchi, yaani kizibo cha bomba, pamoja na koki. Ukilazimika kutoka nyumbani bomba likiwa wazi, zibe kwa plagi, hata kama unaenda duka la pili tu.

Wenye simtanki msijidanganye: kufunga kwenye mita hakuzuii maji yaliyokwisha panda juu. Lita 1,000 zitashuka zote jikoni. Kuna valvu chini ya tangi. Ndiyo ya kufunga.

Vifaa: spana mbili, tredi tepu (ile nyeupe ya kuzungushia nyuzi za koki), ndoo, matambara, tochi. Spana mbili kwa sababu bomba za siku hizi ni za plastiki, na kile kipande cha shaba chenye nyuzi, kilichomo kwenye kona ya bomba pale koki inapoingia ukutani, ukikilazimisha kinazunguka humo humo ndani ya plastiki. Kikizunguka, unavunja vigae. Moja ishike, nyingine ifungue. Tepu zungushia kuelekea upande wa kukazia, vinginevyo inajikunja na kutoka. Mpira wenye washa yake hauhitaji tepu. Kaza kwa mkono, malizia kwa spana kidogo tu. Ukikaza kwa hasira unakata washa.

Usianze Jumapili jioni maduka yamefungwa. Chomoa friji na birika la umeme vilivyo karibu, watoto wakae nje, chota maji ya kupikia mapema, namba ya fundi iwe karibu. Ukimaliza, tandika karatasi kavu chini ya viungo na uiache mpaka asubuhi, maana usiku watu wakilala presha inapanda na kiungo kilichokaa kimya mchana ndipo huanza kulia. Masufuria ya chini ya sinki yarudishwe kesho yake.