Udongo wa kusia mbegu bila pitimosi: tumia makumbi ya nazi

Pitimosi (mabaki ya mimea ya kinamasi yaliyooza nusu, hutumika kusia mbegu) inayouzwa madukani huchimbwa kwenye ardhi oevu za mbali, nyingi kaskazini mwa Ulaya, ambako tabaka la milimita moja huchukua kama mwaka mzima kujijenga. Wewe uliye Tanga, Mafia au Pemba una makumbi kila panapofuliwa nazi.

Hatua ya 1: Tafuta unga, si nyuzi. Makumbi yakipigwa kutoa usumba, unga wa kahawia hubaki chini. Chukua wa rundo la zamani lililonyeshewa mvua. Mbichi hula naitrojeni na miche inakuwa ya njano. Chekecha.

Hatua ya 2: Toa chumvi. Hapa ndipo wengi wanapofeli, hasa kwa makumbi yaliyofukiwa ufukweni. Tia unga kwenye kiroba, loweka kwenye pipa la maji baridi, kamua, mwaga, rudia mara tatu au zaidi. Maji ya mwanzo hutoka kama chai ya rangi, lakini rangi kupungua si ushahidi kwamba chumvi imekwisha. Kisha yeyusha gramu 100 za nitrati ya kalsiamu katika lita 20 za maji, loweka usiku kucha, suuza. Ukiruka hili, unga utainyang'anya miche kalsiamu.

Hatua ya 3: Choma pumba za mpunga. Washa moto mdogo, ufunike kwa debe lililotobolewa pande zote na kuwekewa bomba la moshi juu, lundika pumba kulizunguka. Weusi ukianza kupanda, geuza kwa koleo. Zote zikiwa nyeusi, mwagia maji papo hapo. Ukizembea utapata majivu, nayo hupandisha pH (kipimo cha uchachu).

Hatua ya 4: Changanya ndoo mbili za unga, moja ya pumba, moja ya mboji iliyoiva. Udongo wa shamba kwenye trei mimi siutaki kabisa, unaleta kinyaushi (miche kuoza shina na kuanguka) na minyoo fundo (minyoo midogo inayovimbisha mizizi). Kwa viriba, ongeza mchanga wa mtoni. Wa baharini hapana.

Hatua ya 5: Lowanisha, fumbata, minya: yatoke matone machache tu. Sia mchicha kwenye kikopo kwanza. Ncha za majani zikiungua, rudi hatua ya 2.

Ukishasia trei, usimwagilie kwa kutazama uso wa udongo tu, maana makumbi hukauka usoni huku chini kumelowa. Inyanyue, ikiwa nyepesi, mwagilia. Majani halisi yakitokea, anza mbolea ya maji iliyozimuliwa sana, kwa kuwa makumbi hayana chakula cha kutosha.