Jinsi ya kuwazuru akina Warner, watunzi wa tenzi, kando ya mto Hudson

Mimi ni mwalimu wa kwaya, na kitabu changu cha Tenzi hakina majina ya watunzi. Kwa hiyo kila kwaya ninayoipokea huku Marekani naiambia kwanza ni nani waliotuandikia. “Usinipite Mwokozi” ni wa Fanny Crosby, aliyepoteza uwezo wa kuona tangu uchanga. “Nina haja nawe kila saa” ni wa Annie Hawks wa Brooklyn. Na “Anipenda ni kweli”, ule tuliofundishwa kabla hatujajua kusoma, shairi lake ni la Anna Warner, aliyeishi kwenye kisiwa cha mto Hudson na dada yake Susan. Ukiwa New York na una siku moja ya nafasi, nenda kwao.

Panda treni ya Hudson Line kutoka kituo cha Grand Central, ile inayofika Poughkeepsie, ushuke Cold Spring. Ni mwendo wa saa moja na zaidi kidogo. Kaa upande wa kushoto, ndiko uliko mto. Ukishapita kituo cha Garrison usisinzie: ng'ambo utaona majengo ya mawe ya chuo cha kijeshi cha West Point, kisha reli inaingia kwenye kinamasi, na ule mwinuko wenye miti kushoto kwako ndio Constitution Island, kisiwa chao.

Kwenye treni wasimulie wenzako habari za akina Warner. Baba yao, Henry, alikuwa wakili mwenye mali. Msukosuko wa fedha wa 1837 ukamfilisi, familia ikahamia kisiwani, na mabinti wakashika kalamu ili familia ipate chakula. Riwaya ya Susan ya 1850 iliuzwa sana mno, lakini shida haikuisha. Mwaka 1860 walitoa riwaya nyingine pamoja, na humo mtoto mgonjwa anayekaribia kufa anasomewa shairi la Anna. Miaka miwili baadaye William Bradbury akalitia tuni na kuongeza kiitikio. Susan naye ndiye aliyeandika ule wimbo wa watoto wa kuangaza kama mshumaa mdogo usiku. Mimi huwa nasisitiza jambo hili kwa wasichana wa kwaya: hawa walikuwa wanawake wa kazi, na tenzi zilitoka kwenye meza ileile ya kutafutia riziki.

Ukishuka, pita njia ya chini ya reli, ushuke mpaka gatini mwisho wa Main Street. Mlima mkubwa ulio mbele yako ni Storm King. Kisiwa kiko kushoto, kuelekea mto unakoshukia. Kisiwa ni eneo la West Point, kwa hiyo usikiingie kienyeji. Wasiliana kwanza na Constitution Island Association.

Imbeni hapohapo gatini, kwa Kiswahili, bila kinanda. Mpe soprano mwanzo kwa solfa (s ni so, m ni mi, r ni re, l ni la, d' ni do ya juu): s m m r m s s, halafu l l d' l l s s. Tuni nzima haina fa wala ti, hivyo hata mgeni asiyejua noti ataishika. Msiikimbize. Besi wajizuie kidogo, ili sauti za juu zisikike. Imbeni beti zote. Kuimba kiitikio peke yake mbele ya kisiwa cha mtunzi ni kumnyima haki, maana kiitikio si chake.

Makaburi yao yako ng'ambo, katika makaburi ya West Point. Anna aliwafundisha Biblia wanafunzi wa chuo kile kwa miaka mingi, na 1908 yeye na mfadhili tajiri Margaret Sage wakakitoa kisiwa kwa serikali. Alifariki 1915, mwaka uleule aliofariki Fanny Crosby. Ukitaka kufika kaburini panga siku nyingine, upitie ofisi ya wageni, na kama huna uraia wa Marekani beba pasipoti yenyewe.