Namna ya kunakili mwandiko wa mtu mwingine bila kuupotosha

Hapa Kisumu ninanakili daftari za vyama, barua za familia na rejista kuukuu. Makosa ya kazi hii hayaji ovyo. Yana njia zake, na ukizijua utajua pa kuyasaka.

Hatua ya 1. Soma kurasa kadhaa kabla ya kuandika chochote. Chukua maneno usiyoyatilia shaka, kama "Kisumu" au "Januari", uone mwandishi anavyochora kila herufi. Angalia hasa u na n, 1 na 7, 4 na 9.

Hatua ya 2. Majina yape muda mwingi kuliko kitu kingine. Kwa Waluo, herufi ya kwanza mara nyingi hubeba jinsia: Otieno ni mwanamume, Atieno ni mwanamke. Kwa Wabukusu kuna Wafula na Nafula, Wekesa na Nekesa. O iliyofungwa vibaya husomeka A, na katika mwandiko wa kulala W hugeuka N. Hapo mrithi wa shamba amegeuzwa mtu mwingine kabisa! Tafuta ushahidi kando ya jina: "binti", "mke wa", "mzee". Usipoupata, andika [Otieno au Atieno?] uendelee. Kubahatisha jina la mtu ni kumdhulumu.

Hatua ya 3. Weka rula chini ya mstari unaonakili. Mistari miwili ikiishia "soko la Kibuye", jicho huruka kutoka mstari wa kwanza likatua kwenye wa pili, na yote ya katikati yakapotea. Nakala bado itasomeka vizuri, ndiyo maana huoni pengo. Hesabu mistari ya kila ukurasa.

Hatua ya 4. Usimsahihishe mwandishi. Dholuo, lugha ya Waluo, haina sauti ya sh, basi mtu huweza kuandika "samba" akimaanisha shamba. Iache hivyo, anayenakili kwa haraka ataifanya "simba". Barua ikisema Port Florence, jina la Kisumu la enzi reli ilipofika mwaka 1901, usiweke Kisumu.

Hatua ya 5. Mwenzako asome asili kwa sauti, wewe ufuate nakala. Tarakimu zisomwe mojamoja.

Kisha jumlisha safu za fedha upya. Jumla ya nakala ikitofautiana na iliyoandikwa, gawanya tofauti kwa 9. Isipobaki kitu, huenda tarakimu mbili zimepishana, mathalani 540 imekuwa 450. Lakini jumlisha na asili pia, kwani pengine mweka hazina mwenyewe ndiye aliyekosea, na kosa lake ni lazima libaki kwenye nakala yako.